Steringi na Kipusa: Sura ya Mwanamke katika Filamu Zifikazo Bondeni

Uhakiki wa filamu katika Afrika ya Mashariki umezoea kuliuliza swali la mwanamke kwa namna moja. Mhakiki huichukua filamu kama ilivyotoka mikononi mwa mwongozaji, akawahesabu wahusika wa kike, akawagawa katika mafungu yanayojulikana, yaani mama, mke, kahaba na msichana wa shule, kisha akatoa hukumu kwamba mwanamke amedhalilishwa au ametukuzwa. Njia hiyo haikosi faida. Kasoro yake ni kudhani kwamba filamu ikishatoka kwa mwongozaji imekwisha kutengenezwa.

Katika mtaa wa Bondeni, ambao ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Nakuru, dhana hiyo haisimami. Nakuru ni mji uliozaliwa na reli, ukajazwa na watu waliotoka kila upande wa Kenya, na hatimaye ukatangazwa kuwa jiji mwezi wa Desemba 2021. Bondeni na jirani zake, Flamingo na Kivumbini, ni mitaa ambamo Kiswahili si lugha ya darasani bali ni lugha ya ukutani kwa ukuta. Katika mitaa ya namna hii filamu za kigeni ziliwafikia watu wengi kwa njia ya chumba cha video: mabenchi, mapazia meusi, televisheni moja, na sauti ya msimulizi iliyowekwa juu ya sauti ya filamu. Huyo ndiye anayeitwa dijei nchini Kenya na vijei nchini Uganda. Huko Dar es Salaam kazi hiyo ilipata umaarufu kwa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Nchini Kenya hakuna aliyejulikana kumshinda DJ Afro. Watazamaji wengi hawakuwasikia waigizaji wakisema, walimsikia msimulizi.

Kwa hiyo, sura ya mwanamke iliyobaki katika vichwa vya watazamaji hao iliumbwa mara mbili. Mara ya kwanza iliumbwa Hong Kong, Bombay au Hollywood, kwa kamera. Mara ya pili iliumbwa papo hapo, kwa nomino na vitenzi vya Kiswahili. Uumbaji huu wa pili ndio unaowahusu wanazuoni wa lugha, nao ndio ulioachwa bila ya kutazamwa.

Kazi yenyewe si ngeni kama inavyodhaniwa. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri huko Tanganyika, ulitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha kwa gari katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, zikiwa na maelezo ya lugha za Kiafrika yaliyosemwa juu ya picha. Wakoloni waliamini kwamba picha isiyokuwa na sauti ya kuiongoza ingeeleweka vibaya. Msimulizi wa chumba cha video ameirithi kazi ile, ila kwa tofauti moja kubwa: yeye hakutumwa na serikali. Alilipwa kwa viingilio vya watazamaji, na kwa sababu hiyo maneno yake yaliwafuata watazamaji walikotaka kwenda.

Steringi ni nani?

Neno la kwanza linalostahili kuchunguzwa ni steringi, au stelingi kama wengine wanavyolitamka. Limetokana na neno la Kiingereza linaloandikwa kabla ya jina la mwigizaji mkuu katika mabango na mwanzoni mwa filamu. Kiswahili cha mitaani kililitwaa, kikalipa maana ya mhusika mkuu mwenyewe, kikalitia katika upatanisho wa viumbe hai: steringi amekuja, masteringi wamekuja. Kwa upande wa sarufi neno hili halina jinsia, wala hakuna kiambishi kinachomzuia mwanamke kuwa steringi. Lakini kaida ya matumizi imebeba mengi ambayo sarufi haikuyasema. Steringi hafi. Steringi hupigwa mwanzo ili apate kupiga mwisho. Steringi ana rafiki ambaye atauawa, ana adui, na ana mwanamke. Kauli hii ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwani humweka mwanamke katika orodha ya vitu alivyo navyo steringi, baina ya bunduki na gari. Na mtu akitaka kueleza kwamba mhusika mkuu wa filamu fulani ni mwanamke, hana budi kuongeza neno na kusema steringi wa kike. Hapana aliyepata kuhitaji kusema steringi wa kiume.

Inashangaza kwamba jambo hili litokee katika Kiswahili. Kiingereza humtenga mwanamume na mwanamke kila mara kinapotumia kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja. Kiswahili hakifanyi hivyo. Mtu akisema "alimfuata hadi darini akampokonya kisu", hakuna ajuaye kama aliyefuata ni mwanamume au mwanamke, na kama aliyepokonywa ni huyu au yule. Katika kiwango hiki lugha yenyewe ni adilifu. Msimulizi angeweza kusimulia pigano zima la Yes, Madam, filamu ya Hong Kong ya mwaka 1985 ambamo Michelle Yeoh na Cynthia Rothrock ni maafisa wa polisi, na vitenzi vyake visitofautiane hata kidogo na vile ambavyo angevitumia kwa Jackie Chan. Upungufu, basi, hautokani na viambishi. Unaanzia mahali ambapo msimulizi ana hiari, yaani katika kuchagua nomino.

Steringi mwanamume huitwa kwa jina. Mara nyingi huitwa kwa jina la filamu iliyomtangulia, kiasi cha kwamba Sylvester Stallone hubaki kuwa Rambo hata anapoigiza mtu mwingine, na Arnold Schwarzenegger akawa Komando tangu filamu ya jina hilo ilipotoka mwaka 1985. Mwanamke aliye kando yake huitwa demu, manzi, msupa, mrembo, kisura, kidosho, kimwana, kipusa. Maneno hayo ni mengi na baadhi yake ni matamu, lakini yote yanasema jambo moja tu juu ya anayetajwa, nalo ni namna anavyoonekana. Hakuna hata moja linaloeleza kazi yake, ukoo wake, wala anachokitaka. Akitoka kipusa mmoja akaingia mwingine, nomino haibadiliki. Na filamu ikiisha hana jina la kukumbukwa.

Neno kipusa linastahili kusimamiwa kidogo. Maana yake ya zamani ni pembe ya kifaru, bidhaa ya thamani kubwa katika biashara ya pwani. Kutoka hapo likapata maana ya kitu cha tunu, na hatimaye likaja kumaanisha msichana mzuri, na ndivyo litumikavyo hadi katika magazeti ya Kenya. Njia ya maana hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu: ni njia ya bidhaa. Wakazi wa Nakuru wanaijua maana ya kwanza kuliko Waswahili wengi wa leo, kwani Hifadhi ya Ziwa Nakuru, iliyo mlangoni mwa mji wao, ilizungushiwa ua katika miaka ya 1980 ili kifaru asiuawe kwa ajili ya kipusa chake.

Hata hivyo yafaa kujihadhari. Wako watakaosema kwamba kiambishi ki- katika kisura, kidosho na kimwana ni ushahidi tosha kuwa Kiswahili humfanya mwanamke kitu kidogo. Hoja hiyo ni ya haraka mno. Kiongozi na kijana pia vina ki-, na hakuna aliyedunishwa kwa kuitwa kiongozi. Tena nomino zote hizo huchukua upatanisho wa viumbe hai: kisura amefika, si kisura kimefika. Jambo la kuangaliwa si kiambishi peke yake bali ni uhusiano wa maneno katika simulizi moja. Hapo ndipo inapoonekana kwamba katika filamu ile ile ambamo mwanamke ni kisura na kidosho, mwanamume ni dume, jitu, simba na jabali. Na mwanamke akithubutu kupigana, kama wale maafisa wa Hong Kong, huitwa jikedume. Neno hilo hutolewa kwa nia ya kusifu, nalo ni neno la fadhaa: ujasiri unakubaliwa, lakini hauwezi kukaa kwa mwanamke mpaka kwanza aazimwe uanaume.

Vitenzi navyo vina sehemu yao, na hapa lugha si adilifu tena. Kiswahili kina oa na olewa, na desturi imewagawia watu vitenzi hivyo, cha kutenda kwa mwanamume na cha kutendwa kwa mwanamke. Filamu nyingi za mapigano huishia penye kuokoa na kuoa. Msimulizi anapofika mwisho, mara chache atasema "wakaoana", ingawa kauli ya kutendana ipo na kila mtu anaijua. Atasema steringi kamwokoa, kamwoa. Mwanamke huifunga filamu akiwa katika hali ya kutendwa, hata kama picha yenyewe inamwonyesha akikimbia, akiendesha gari au akimtoa steringi majini. Jicho linaona jambo moja na sikio linasikia jingine, na katika chumba chenye giza na kelele sikio ndilo linaloshinda.

Chumba na watu wake

Mtu anaweza kupinga akasema kwamba msimulizi hakuleta haya. Aliyakuta katika filamu. Kwa sehemu ni kweli. Filamu za mapigano za miaka ya 1980 na 1990 hazikuwa na nafasi kubwa kwa wanawake, wala msimulizi hawezi kulaumiwa kwa hadithi asiyoitunga. Lakini historia ya utazamaji katika Afrika ya Mashariki inaonyesha kwamba haikuwa hivyo siku zote.

Kabla ya chumba cha video kulikuwa na jumba la sinema, na katika majumba hayo filamu za Kihindi zilikuwa na watazamaji wengi wanawake. Zanzibar na katika miji mingine ya pwani palikuwa na maonyesho maalumu ya wanawake peke yao, ambako mama, shangazi na binti waliweza kwenda pamoja bila ya lawama. Filamu waliyoipenda sana ilikuwa Mother India ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Mehboob Khan, ambamo Nargis ni Radha, mama anayelima shamba lake peke yake baada ya kuachwa na mumewe, na ambaye mwishoni anampiga risasi mwanawe mwenyewe kwa kuwa amemteka msichana wa kijiji. Radha hakuwa mwanamke wa steringi. Yeye ndiye aliyekuwa steringi. Hata katika Sholay ya mwaka 1975, ambayo ni filamu ya majambazi na bunduki, Basanti anayeigizwa na Hema Malini ana kazi yake ya kuendesha gari la farasi, ana maneno mengi, na ana jina ambalo watazamaji walitoka nalo nje.

Wanawake wale hawakuwa wakijua Kihindi zaidi ya vijana wa chumba cha video wanavyojua Kichina. Walielezana wenyewe, mmoja akimnong'oneza mwenziwe, na yule aliyekwisha kuiona filamu akawasimulia wengine uani wakati wa kusuka. Huo nao ulikuwa usimulizi, na nomino zake bila ya shaka zilikuwa nyingine, maana wasimulizi na wasikilizaji walikuwa mama watu, wake za watu na wakwe za watu.

Chumba cha video kilikatiza jambo hilo. Kilikuwa cha bei nafuu na karibu na nyumbani, lakini kilikuwa cha wanaume. Mwanamke aliyeingia humo usiku alihesabiwa kuwa ameingia mahali pasipokuwa pake, sawa na kilabu cha pombe. Msimulizi aliyekuwa akiwatazama wasikilizaji wake hakumwona mwanamke hata mmoja, akasema nao kama wanaume wasemavyo wakiwa peke yao. Hapa ndipo ilipo asili ya kipusa katika simulizi: ni jina la mtu anayesemwa akiwa hayupo. Mhakiki anayehesabu wahusika wa kike kwenye kioo na asiwahesabu wanawake walio kwenye mabenchi amehesabu nusu.

Haki inadai pia kusema kwamba msimulizi huweza kumwongezea mwanamke kitu ambacho mwongozaji hakumpa. Filamu zilizoletwa zilikuwa na wanawake wengi wa kukaa kimya, na msimulizi hawezi kuvumilia kimya. Kazi yake ni kukijaza. Kwa hiyo humtia mwanamke maneno kinywani, akamfanya amsute steringi kwa kuchelewa, adai kodi ya nyumba, aulize habari za mke wa kwanza. Watu hucheka, na kwa nukta chache kipusa anakuwa mwanamke wa mtaani mwenye shida zinazojulikana. Ni vipande vifupi, na mara nyingi ni vya mzaha, lakini vinatosha kuonyesha kwamba msimulizi ana uwezo huo na kwamba Kiswahili chake kinauruhusu.

Siku hizi vyumba hivyo vimepungua sana. Simu na intaneti zimevimaliza, na sauti ya msimulizi imehamia humo humo simuni, ambako mwanamke anaweza kuisikiliza akiwa jikoni kwake. Badiliko hili ni kubwa, na lugha ya wasimulizi itabidi ichunguzwe upya kwa ajili yake.

Filamu inayongojewa

Kuna sehemu nyingine ya lugha ya filamu ambayo haijapewa nafasi katika uhakiki, nayo ni maneno yasemwayo kabla ya filamu kufika. Filamu huishi maisha yake ya kwanza katika kungojewa. Zamani ilikuwa ubao wa chaki mlangoni mwa chumba cha video, wenye jina la filamu, jina la steringi na neno "inakuja". Leo ni kile kipande cha dakika mbili ambacho Watanzania wamekiita kionjo kwa ufundi wa kuridhisha. Vijana wa Kenya husema trela, neno linalomchekesha kidogo mkazi wa Nakuru, kwani kwake trela ni lile gari refu linalopita usiku kucha katika barabara kuu kwenda Uganda.

Kionjo hakisimulii hadithi, huahidi tu. Na ahadi yake juu ya mwanamke kwa muda mrefu ilikuwa moja: uso, mwili, yowe. Ndiyo maana ilikuwa tukio lenye maana pale Black Panther ilipongojewa mwanzoni mwa 2018, na Kisumu ikapata onyesho la mapema mwezi wa Februari kwa sababu ya Lupita Nyong'o, ambaye nyumbani kwao ni huko. Vionjo vya filamu hiyo viliwaonyesha Okoye na wenzake wakiwa na mikuki, na Nakia akiwa kazini. Shangwe kama hiyo ikarudi mwaka 2022 kwa The Woman King, ya mwongozaji Gina Prince-Bythewood, juu ya wanawake askari wa Dahomey. Na mwongozaji huyo huyo alitangaziwa tarehe ya Januari 2027 kwa Children of Blood and Bone, ambamo yumo Thuso Mbedu wa Afrika ya Kusini aliyeigiza pia katika ile ya 2022. Vijana wanazijua filamu hizi miezi mingi kabla ya kuziona, wakazijadili kama watu wajadilivyo mechi isiyochezwa bado.

Wahakiki kadhaa wamezipokea filamu hizo kama dawa. Hoja yao ni kwamba wanawake hodari wakizidi kwenye kioo, picha ya mwanamke itarekebika yenyewe. Hoja hii ni dhaifu kwa sababu mbili. Ya kwanza imekwisha kuonekana: maafisa wa Yes, Madam walikuwa hodari mwaka 1985, wakaishia kuwa majikedume. Ya pili inaonekana karibu na Nakuru yenyewe. Mwaka 2003 ilitoka filamu ya pili ya Lara Croft, iliyopigwa kwa sehemu katika Hell's Gate, karibu na Naivasha. Angelina Jolie alitua kwenye udongo wa Bonde la Ufa akiwa na sifa zote za steringi: silaha, majigambo na kutokufa. Mwenyeji anayekumbukwa katika sehemu hiyo ni Kosa, mwanamume, aliyeigizwa na Djimon Hounsou. Mwanamke amekuwa steringi, lakini steringi hakubadilika. Amebadilishwa mvaaji wa nguo. Na kwa kuwa Lara anasema Kiingereza, Bondeni hapati sauti mpaka mtu mwingine amsemee.

Mwanamke anaposema mwenyewe

Filamu za Afrika ya Mashariki zina faida ambayo hizo nyingine hazina, yaani mhusika anaweza kusema Kiswahili kwa kinywa chake, na msimulizi akakosa kazi. Faida hiyo haikutumiwa kwa kiasi kimoja.

Waanzilishi walikuwa na matatizo mengine ya kutatua. Saikati ya Anne Mungai, iliyotoka mwaka 1992, ilimpa sinema ya Kenya msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa ili aendelee na masomo. Ujasiri wa filamu hiyo hauna shaka. Lakini imemweka Saikati mbele ya Monica, binamu yake aliyeko Nairobi ambaye ni kahaba, na kwa kufanya hivyo imerudia mgawanyo wa zamani wa msichana mwema wa mashambani na mwanamke mpotevu wa mjini. Wanjiru Kinyanjui, katika The Battle of the Sacred Tree ya mwaka 1995, aliuchezea mgawanyo huo kwa ucheshi zaidi: Mumbi anamwacha mume anayempiga, anarudi kijijini, anafanya kazi katika baa, na wanaomhukumu ni wanawake wa kanisa wanaotaka kuukata mti wa mugumo. Hapo ugomvi ni baina ya wanawake wenyewe, na wote wana majina na hoja.

Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, ilileta lugha ya mitaani kwenye kioo kikubwa kwa namna ambayo haikupata kuonekana. Inaanza na Mwas, kijana wa mashambani anayeuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wanunuzi. Yaani inaanza na msimulizi. Usemi wake ni hai na wa kweli. Lakini Amina, mwanamke mkuu wa hadithi hiyo, ni kahaba na ni mpenzi wa Oti, mkuu wa genge, na sehemu kubwa ya maisha yake ndani ya filamu ni kuwa baina ya Oti na Mwas. Anasema Kiswahili kwa kinywa chake mwenyewe, na bado yuko mahali pa kipusa. Filamu hii ni ushahidi kwamba kumpa mwanamke lugha hakutoshi ikiwa hadithi haina swali la kumuuliza.

Something Necessary ya Judy Kibinge, iliyotoka mwaka 2013, inamuuliza. Anne, anayeigizwa na Susan Wanjiru, ni muuguzi aliyempoteza mumewe na nyumba yake katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mwanawe amelala hospitalini hana fahamu. Nakuru haihitaji kuelezwa habari hiyo. Machafuko yaliingia mjini humo katika siku za mwisho za Januari 2008, uwanja wa maonyesho ya kilimo ukawa kambi ya waliofukuzwa makwao, na nchini kote zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Katika taarifa za wakati ule wanawake walitajwa kwa nomino za jumla, waathiriwa na wakimbizi, wakafuatwa na vitenzi vya kutendwa: walifukuzwa, walichomewa, walihamishwa. Filamu inamtoa Anne katika sarufi hiyo. Anajenga. Anarudi shambani, anataka nyumba isimame pale pale ilipokuwa, na ukaidi wake unawaudhi hata watu wanaompenda.

Udhaifu upo. Filamu inamfuata pia Joseph, kijana aliyekuwamo katika genge lililoshambulia, na kila inapomrudia yeye kuna hatari ya maumivu ya Anne kugeuzwa kuwa maji ya kumtakasa mwanamume. Kibinge hakuiepuka hatari hiyo kikamilifu. Hata hivyo hakuna mahali katika filamu ambapo msimulizi wa chumba cha video angeweza kutia neno kipusa na likashika. Mtu ajaribu kulitia: sentensi inakataa.

Filamu inayouleta mjadala huu wote chini ya paa moja ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, iliyoonyeshwa kwanza Berlin na kisha kuchaguliwa kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya Oscar. Jo ni msichana mdogo mgonjwa ambaye hatapona. Anapenda filamu za mapigano, na katika kijiji chake cha Maweni filamu hizo huonyeshwa na Mike, ambaye ni msimulizi, mwenye chumba na kipaza sauti na mbwembwe zote za kazi hiyo. Kwa hiyo mwongozaji amemweka msimulizi ndani ya hadithi na kumkalisha mbele yake mtazamaji ambaye chumba cha video hakikumtarajia: mtoto wa kike. Kathryn, mama yake Jo, anataka binti akae ndani apumzike. Mwix, dada yake, anawashawishi wanakijiji wajifanye kwamba Jo ana nguvu za ajabu, na mwishowe kijiji kizima kinatengeneza filamu ambamo yeye ndiye steringi.

Jina analopewa linafaa kusikilizwa kwa sikio la mwanaisimu. Sauti zile zile za supa zinazomzaa msupa, msichana wa kutazamwa, hapa zimemzaa Supa Modo, mtu anayetenda. Hakuongezewa neno la kike wala hakuitwa jikedume. Mike, ambaye kazi yake imekuwa kuwasemea wengine, na majirani waliokuwa watazamaji tu, wote wamegeuka kuwa watumishi wa hadithi ya mtoto huyo.

Kisha Jo anafariki kabla ya filamu yake kuonyeshwa. Watu wa Maweni wanakusanyika na kuitazama akiwa hayupo, ilhali kwenye kioo anaruka. Kila mtazamaji wa chumba cha video anaijua kanuni ya kwamba steringi hafi, na kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya Rambo na Komando. Siku hiyo Maweni inamhusu Jo.